Siku moja nikishuti filamu kuhusu redio ya dini, Moshi

Saa 11 alfajiri. Mimi ndiye mtu wa sauti, na hii ndiyo saa pekee mji huu unanipa kimya. Nakirekodi chumba kikiwa kitupu, kabla bodaboda hazijaanza.

Saa 2 asubuhi. Studio yetu ni stoo ya kanisa. Tumeziba kuta kwa magodoro ya kuazima, kila moja lina jina la mwenyewe kwa maka peni ili yasipotee. Bajeti ya seti imeishia hapo.

Saa 4. Hadithi ni ya mtangazaji wa kubuni, mwaka 1977. Kumbuka enzi zile studio ya Sauti ya Injili hapa Moshi ilikuwa ikirekodi vipindi vya Kiswahili kwenye mikanda, mikanda inapelekwa Addis Ababa, kisha sauti inarudi kwetu kwa masafa mafupi. Kituo cha kule, cha Walutheri, kilianza kurusha 1963; Machi 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ikakitaifisha. Mtangazaji wetu amebaki na mkanda usio na pa kwenda.

Mashine ya mikanda tuliyopata ni mzoga. Kwa hiyo dogo mmoja amelala chini ya meza, anazungusha spuli kwa mshipi wa kuvulia samaki. Akichoka, mkanda unakwenda kwa kusitasita, na dairekta anasema ndivyo alivyotaka.

Saa 6. Sala. Mzee anayeigiza ni mwanakwaya, si mwigizaji. Skripti ina mistari minne tu. Yeye akafumba macho akaendelea, akaombea wagonjwa, wasafiri, hadi mama wa mtori, supu ya ndizi, nje. Kwenye hedifoni nasikia meno ya bandia yakigongana kidogo kila anaposema "Baba". Dairekta, Mwislamu safi, ameinua mkono wa kusema "kata" na haushushi. Mama mmoja wa eksitra akaitikia "Amina" kwa nguvu. Nimewaambia wasiikate ile Amina. Tutagombana kwenye kuhariri.

Saa 7. Adhana, tukasimama. Mtori. Luku ikaisha, produza akanunua ya elfu tano kwa simu huku akihema.

Saa 10. Mvua juu ya bati. Hapo sina kazi.

Saa 1 usiku. Mikwaruzo ya redio ya kwenye intaneti siitaki, nataka ya kweli. Nimeazima redio ya betri kwa babu jirani. "Shikamoo babu, naomba nizungushe hapa." "Marahaba, ila usiniharibie stesheni ya taarifa ya habari." Nikapeleka kitufe taratibu: mkwaruzo, mluzi, Kiarabu kidogo, mkwaruzo tena. Babu akauliza natafuta nini. Nikamwambia mikwaruzo hiyo hiyo. Akanitazama kama mgonjwa.

Saa 3 usiku. Nanakili faili kwenye diski mbili, moja nalala nayo. Kesho ni barabarani, na gari la 1977 bado halijapatikana. Mwenye Peugeot 404 inayotembea, Moshi au Arusha, aniandikie: mafuta tunaweka, malipo ni mtori.