Vespa haikunisaidia kitu mchangani

Mimi nimekulia juu ya Vespa. Kwetu Unguja, Bububu mpaka Darajani naipenyeza baina ya daladala, magari ya ng'ombe na watoto wa skuli, wala siwazi. Basi binamu zangu wa Maskati waliponichukua siku moja kwenda Bidiyah, kwenye mchanga wa Wahiba, nikaziona zile pikipiki za magurudumu manne ambazo vijana wa Oman huziita banshi, nilicheka. Chombo cha magurudumu manne kitamwangusha nani?

Hata dakika kumi hazijapita, nimelala kifudifudi na mguu wa kulia umo chini ya tairi la nyuma.

Kisa ni mazoea. Vespa ikitaka kulala, unateremsha mguu. Banshi ilipoegama kidogo kwenye mteremko, mguu wangu ukashuka wenyewe, sikuutuma. Kumbe huku chombo kinaendelea mbele, na tairi la nyuma linakuja kuukanyaga mguu uleule. Mchanga ulikuwa laini na tairi limepunguzwa upepo, ndiyo nikasalimika na kifundo kilichovimba. Nilivaa makubadhi, msinicheke.

Ami yangu, tuliyekuwa naye, aliniangalia akatikisa kichwa. "Mwanangu, miguu iache palepale kwenye vikanyagio, hata ukiona inalala. Sasa teremka, tuanze upya."

Tukaanzia bondeni, pakavu na sawa, na kiatu cha buti cha kuazima. Kazi kubwa ilikuwa kona. Vespa unailaza nayo inakata, banshi hailali. Magurudumu yake mawili ya nyuma yamefungwa kwenye ekseli moja, yanazunguka sawasawa, kwa hiyo ukigeuza usukani chombo bado kinapenda kwenda moja kwa moja, na ukikilazimisha kwa kasi kinanyanyua matairi ya upande wa ndani. Dawa yake ni mwili: unasogeza makalio na kifua upande unaokata, kama baharia anayekaa upande wa upepo ngalawa isipinduke. Ukipanda unainama mbele, ukishuka unarudi nyuma kwa gia ndogo, breki kwa adabu. Mapaja yaliniuma siku mbili.

Kitu chengine ni ile kamba ya kuzimia injini. Ncha moja hufungwa mkononi mwa dereva, ukirushwa ile ya pili inachomoka kwenye banshi na injini inazima. Aliyetukodisha alikuwa ameizungusha kwenye usukani, imekaa kama pambo. Tukaifungua.

Halafu vilima. Watu wa ngalawa watanielewa nikisema kila kilima cha mchanga kina goshini na demani. Upande unaopigwa na upepo umelala na mgumu kidogo, unapandika. Wa pili ni mwinuko mkali, mchanga wake umeporomoka na uko tayari kuporomoka tena. Ukiupanda kwa goshini kwa kasi, hujui kama mbele kuna mchanga au hewa. Ami alinifundisha kupunguza mwendo kabla ya kileleni na kukata kona nifuate ukingo, mpaka nione kuna nini upande wa pili. Bendera ndefu iliyosimama nyuma ya banshi kazi yake ni hiyohiyo: anayekuja kutoka upande wa pili aione kabla hajakuona wewe. Na saa sita mchana sipandi tena. Jua likiwa utosini vivuli vinapotea, mchanga wote unakuwa rangi moja, na ukingo unauona ukishaupita. Saa kumi jioni kila mkunjo unajionesha.

Kilichonishinda kabisa ni kumkatalia mpwa wangu wa miaka saba aliyetaka kupanda nyuma yangu. "Mjomba, si kiti kirefu hiki?" Kweli ni kirefu, na kwetu Vespa moja tumeshapanda watatu na gunia. Lakini urefu ule ni wa dereva kusogea mbele na nyuma. Ukiujaza mtu, huna pa kusogea, na mwili ndio usukani wa pili. Nilimweleza yote hayo. Alininunia mpaka tulipofika mji wa Ibra, tukamnunulia aiskrimu.