Kebo moja haina ncha tatu

Kama ushawahi kukabidhiwa mtandao wa kompyuta wa watu bila mchoro wa maana utanielewa haraka. Mimi nilikabidhiwa wa taasisi moja hapa Dodoma, majengo manne, nikapewa funguo za vyumba vya raki (makabati ya vifaa vya mtandao) na karatasi moja ya A4 imechorwa kwa kalamu, fundi aliyeujenga keshahama na namba yake haipatikani. Nikaenda nayo jengo la kwanza kulinganisha, karatasi inasema swichi tatu (viboksi vinavyounganisha kebo za mtandao), kwenye raki zipo tano, na rundo la kebo za bluu limepanda juu kupotelea kwenye silingi bodi, hamna lebo hata moja. Nikasema hapana, kufuata waya mmoja mmoja hapa nitamaliza mwaka, wacha vifaa vyenyewe viniambie vimeunganishwa na nani.

Na vinasema kweli! Swichi yoyote ambayo unaweza kuingia ndani yake ukaipangilia, mara nyingi ina kitu kinaitwa LLDP, ni kanuni ya IEEE, chama cha wahandisi wa umeme, ya tangu 2005, na kazi yake ni salamu tu. Kila baada ya sekunde 30 swichi inatoa salamu kwenye kila poti (tundu la kuchomeka kebo), mimi naitwa fulani, hapa ni poti yangu namba fulani. Wa upande wa pili anaandika kwenye jedwali lake la majirani, zikipita sekunde 120 hajasikia salamu nyingine anafuta. Cisco wana yao ya zamani CDP, inatoka kila sekunde 60, MikroTik wana MNDP. Sasa kila swichi inamjua jirani wa ukuta kwa ukuta tu, mtaa mzima haiujui, ndo hapo programu ya ufuatiliaji inapoingia, inabisha hodi kwa kila mmoja kwa SNMP, lugha ya kuulizia vifaa habari zao, inauliza jirani zako ni akina nani, akitajwa mpya inaenda na kwake, afu majibu yote yakiunganishwa yanakuwa ramani.

Mimi natumia LibreNMS, ni ya bure na inakaa vizuri tu kwenye kompyuta ya kawaida yenye Ubuntu. Nikaipa swichi kuu, nikaiambia mafungu ya anwani inayoruhusiwa kutafuta (usiporuhusu haitafuti, na hivyo ndivyo inavyotakiwa), nikaiacha. Yenyewe ukiifunga kama ilivyo inakusanya takwimu kila dakika 5 lakini kazi ya kugundua inafanya kila baada ya masaa 6, kwahiyo usikae unatoa macho kwenye skrini, nenda kafanye kazi nyingine.

Kesho yake nikakuta vifaa vinne. Vinne! Wakati najua kwa macho yangu vinapita ishirini.

Tatizo lilikuwa majina. MikroTik ikitoka kiwandani inaitwa MikroTik, na aliyefunga zile ruta aliziacha hivyo hivyo zote, na LibreNMS ikikuta vifaa viwili vyenye jina moja inakataa cha pili, inahisi ni kile kile kimeonekana kwa anwani nyingine. Afu pia inataka jina liwe linajulikana kwenye DNS (kitabu cha majina na anwani za mtandao), au uiruhusu mwenyewe iongeze kwa IP, yaani anwani ya namba. Yaani mtandao ulikuwa kama darasa ambalo watoto wote wanaitwa Juma, mwalimu akiita anaitika mmoja. Siku tatu nzima kazi yangu ikawa kupita na leptopu nabatiza, jengo, ghorofa, chumba, namba, mfano J2-G1-C08-SW1, na kile kisehemu cha mahali kwenye SNMP watu wengi wanakiacha tupu mimi nikajaza chumba kabisa na mwisho wake namba za ramani, [-6.17, 35.74], ukiweka kwenye mabano hivyo LibreNMS inajua kifaa kiko wapi duniani. Kama ukisoma hapa ukachukua kitu kimoja tu basi chukua hiki cha majina, kifanye kabla hujafunga programu yoyote.

Baada ya hapo ramani ikaja, vifaa thelathini na kimoja, na mstari wa kila kebo una namba ya poti pande zote mbili. Nilikaa naiangalia kama robo saa hivi bila kugusa kitu, maana kwa mara ya kwanza nilikuwa nauona mtandao ninaoulinda.

Sasa kuna jambo lilinikaa kichwani. Swichi ya ghorofa ya kwanza jengo la pili, poti namba 17, ramani inaonyesha majirani wawili, simu ya mezani ya IP na akses pointi (kifaa cha wifi), zote kwenye poti hiyo moja. Kebo ina ncha mbili, moja iko kwenye poti yangu, nyingine lazima iwe kwa mtu mmoja, haiwezi kuwa na ncha tatu. Nikafungua jedwali la MAC, anwani ambayo kila kifaa hutoka nayo kiwandani, la poti 17 nikakuta anwani kumi na nne. Hapo hamna ubishi, katikati kuna swichi ambayo haiongei, zile za bei rahisi za poti nane au kumi na sita ambazo hazina anwani wala paswedi, mimi naziita swichi bubu. Salamu ya LLDP kwa kanuni haitakiwi kuvuka swichi kwenda upande wa pili, ila nyingi za hizi bubu zinaipitisha tu, na ndo maana nikawaona wawili.

Na kwa muda mrefu uhasibu walikuwa wanalalamika mtandao unakatika asubuhi, unarudi, unakatika tena. Nikaangalia grafu ya ile akses pointi wanayoitumia, inapotea karibu saa nne kila siku ya kazi, dakika kumi hivi, Jumamosi na Jumapili haipotei kabisa. Nikabeba ngazi.

Kebo ya poti 17 inaingia masjala. Nikasogeza ubao wa silingi juu ya kabati la mafaili, vumbi likashuka lote usoni, na pale juu ya mbao kuna kiboksi cheusi kimefungwa kwa waya wa kufungia nondo, taa za kijani zinapepesa zote, na waya wake wa umeme umeshuka nyuma ya kabati mpaka kwenye ekstensheni ya matundu matatu, tundu moja limeungua, la pili lina kompyuta, la tatu ndo swichi. Pembeni ya ekstensheni kuna birika la umeme. Nikamuuliza mama wa masjala, shikamoo mama, hivi chai mnachemshia wapi?

"Marahaba mwanangu, hapo hapo, nachomoa hako keusi nachomeka birika, chai ikichemka nakarudisha. Kumbe ni kenu? Mimi nilijua ni ka watu wa simu."

Alikarudisha kila siku kwa uaminifu, hana kosa hata moja yule mama, kosa ni la aliyeficha kifaa cha watu kumi na nne juu ya silingi akakilisha umeme wa birika na asimwambie mtu. Tulivuta soketi mpya ukutani, swichi tukaitoa tukaweka yenye LLDP na SNMP kwenye kikabati kidogo, na uhasibu hawajapiga simu ya saa nne tena.

Toka siku hiyo ramani siisomi kwa kuangalia mahali palipokaa vizuri, naisomea pale inapogombana na jengo. Poti yenye MAC nyingi na jirani hamna, poti yenye majirani wawili, mstari unaoonekana upande mmoja tu (mara nyingi mmoja LLDP kazimiwa). Na kuna vitu haitavionyesha hata ufanyeje, zile boksi ndogo zinazogeuza faiba (waya wa kioo unaobeba mwanga) kuwa kebo ya shaba hazina jina wala salamu, kwenye ramani unaona mstari mnyoofu toka jengo la kwanza hadi la tatu, kumbe katikati kuna boksi mbili kila moja na adapta yake ya umeme, hizo nimezitembelea kwa miguu nikaziandika kwa mkono. Printa iliyolala nayo inapotea, maana swichi nyingi zinasahau MAC iliyonyamaza kwa dakika 5.

Usalama nagusia tu, neno la siri la SNMP usiliache "public", ruhusu seva yako peke yake iulize, vifaa vinavyokubali toleo la 3 tumia hilo, na poti za wageni zima LLDP, hamna sababu ya mgeni kujua jina na modeli ya swichi yako.

Ramani nimeichapa karatasi kubwa, nakala moja kila mlango wa raki na tarehe juu, na kalamu imening'inizwa kwa uzi. Juzi nimefungua raki ya jengo la tatu nikakuta mwandiko ambao si wangu, "poti 9 nimehamishia 12, J'nne mchana". Nikarudi ofisini kuangalia LibreNMS, kweli, jirani yuko 12.