Kitabu chetu cha hadithi za anga kimetoka, na ni cha karatasi

Jamani kimetoka! Hadithi za Star Trek na Doctor Who, vile vipindi vya runinga vya safari za anga, tulizotunga wenyewe mashabiki wa hapa Lamu, kwa Kiswahili, zimechapwa zikawa kitabu, na tangu nitangaze kila mtu ananiuliza swali lilelile, kwani si mungetuma tu kwenye WhatsApp yakaisha? Haya, nijibu mara moja.

Kazi hii ina wenyewe waliotutangulia. Star Trek ilianza kuonyeshwa Marekani 1966, na mwaka uliofuata tu kina dada wawili, Devra Langsam na Sherna Comerford, wakatoa Spockanalia, jarida la mashabiki watupu, ndani mna hadithi na mashairi na michoro mpaka barua ya Leonard Nimoy mwenyewe, yule aliyeigiza Spock, mtu wa sayari nyingine anayefuata hesabu na mantiki tu. Walilitoa kwa saiklostaili, ile mashine ya stensili na wino ambayo wazee wetu walipigiwa mitihani ya shule. Kipindi kikakatwa 1969 baada ya episodi 79, lakini watu hawakuacha kuandika, wakawa wanatumiana majarida kwa posta, mpaka 1976 kampuni ya Bantam ikachukua hadithi za mashabiki ikazitoa kitabu kamili, na Gene Roddenberry aliyekianzisha kipindi akakiandikia utangulizi. Doctor Who nayo, ya Uingereza, BBC waliisimamisha 1989, ukitoa ile filamu ya 1996 haikurudi mpaka 2005, na iliporudi mmoja wa waandishi wake alikuwa Paul Cornell, mtu aliyeanzia hukohuko kwenye majarida ya mashabiki. Yaani miaka ile kwenye runinga karibu hamna kitu kipya, hadithi ziko mikononi mwa watu.

Na sisi watu wa visiwa hivi ndo wa kuambiwa kuhusu kunakili? Siyu hapo, kisiwani Pate, watu walikuwa wakiandika misahafu kwa mkono, na hapa Lamu Muhamadi Kijumwa alikaa akinakili tendi kwa khati yake nzuri, na nyingi tunazisoma leo kwa sababu mtu aliketi na kalamu na karatasi. Simu ikiingia maji hadithi zimekwenda, mimi hilo linaniuma kweli.

Basi tulifanya hivi: fotokopi pande mbili, karatasi zikunjwe katikati, halafu tushone kwa uzi. Kushona kumekula jioni nyingi lakini pini za stepla hapa hazifai, hewa ya bahari inazipiga kutu na kutu inakula karatasi, angalia daftari lolote la zamani nyumbani kwako utaona lile doa la rangi ya chai pale mgongoni. Uzi tumeupaka nta kwanza usikatike, tundu tano kila kitabu, na fundo linaingia ndani.

Hadithi ninayoipenda zaidi ni ya mwalimu mmoja wa Langoni, Spock anafika sayari isiyo na bahari, mtoto anamuuliza maji kupwa na kujaa ni nini, naye anajibu kwa hesabu tupu za mwezi na mvutano, sawasawa kabisa, na mtoto haelewi, ndipo anachukua sinia la maji analiinamisha polepole. Basi, hamna vita wala bunduki. Nimeihariri mara nyingi na bado nikifika kwenye sinia nasimama.

Kitabu hakiuzwi, hilo lieleweke, Spock na yule Daktari wa Doctor Who wana wenyewe na sisi hatuchumi kwa mali ya watu, unachangia hela ya karatasi tu. Ukimaliza kusoma mpe mwenzio, usikifungie kabatini. Na nyinyi wa Malindi mnaosema munaandika, leteni basi, toleo la pili nataka hadithi za Uhura, yule afisa wa mawasiliano wa Star Trek, hili la kwanza hana hata moja na haifai.