Saa ya nani?

Usingizi umekataa, acha niandike. Najua niliwaahidi habari za mtoto wa mdogo wangu (ndiyo, kajifungua Jumanne pale Bombo, wa kike, wote wazima, picha baadaye) lakini kuna maneno matatu yamenikaa kooni tangu juzi, na nisipoyatoa hapa nitamsimulia mama tena na mama kashanichoka.

Mnamkumbuka yule babu wa ghala la mkonge, aliyeigomea kompyuta mpaka tukamwekea ejenti wa AI kwenye simu, anaandika Kiswahili chake, ejenti anaenda kuchungulia kwenye databesi anamletea jibu. (Mama mpaka leo anajua nimefungua uwakala wa M-Pesa.) Juzi kaniita. Shikamoo babu, marahaba, kaa. Sikukaa, nilikuwa na haraka zangu. Akasema, "Nimeliuliza hili dude lako, jana kuanzia saa mbili mpaka saa nne yameingia marobota mangapi, likanambia hakuna mzigo ulioingia. Nikampigia dereva nikamshushua. Kumbe mkonge uko ndani, marobota arobaini, nimeyahesabu kwa kidole."

Mi nikajibu haraka haraka, "Babu, mbona nimeliandikia kabisa, litafute kwa tarehe na saa."

Akavua miwani. "Saa ya nani?"

Hayo tu. Wala hakukasirika, aliuliza kama unavyomuuliza mtoto aliyeingia ndani na kiatu cha mtu. Nikacheka kidogo, kile kicheko cha kijinga, nikasema nitaangalia. Tangu hapo nikifua saa ya nani, nikipanda daladala saa ya nani, hata Jumatano nilivyopewa barua ya kuthibitishwa kazini nikasaini huku kichwani saa ya nani.

Usiku nikafungua faili. Zana, yaani kile kijiprogramu ejenti anachokiita kuchungulia databesi, inaitwa tafuta_mzigo, na maelezo niliyoiandikia ni haya: "Hutafuta mzigo kwa tarehe na saa." Maneno sita! Na ile modeli (ndo ubongo wa AI wa huyo ejenti) haioni programu niliyoandika ndani, inachosoma ni jina la zana, maelezo, na vile visehemu vya kujaza, basi, hapo ndo inaamua iite zana gani na iijazeje. Ikaona saa mbili, ikajaza 02:00. Databesi nayo inatunza muda wa UTC (ile saa ya kimataifa), sisi tuko mbele masaa matatu, kwa hiyo ilikuwa inatafuta lori la saa kumi na moja alfajiri wakati geti limefungwa na mlinzi anajiandaa kuswali. Dereva wa watu katukanwa kwa ajili ya maneno yangu sita. Na pembeni kuna zana nyingine niliipa jina angalia_mzigo, ya kuhesabu kilichobaki ghalani, hata mi mwenyewe nikiamka vibaya siwezi kuzitofautisha.

Nikaandika upya mpaka saa saba. Kwamba hii ni ya mzigo ulioingia getini, ukitaka uliobaki tumia nyingine (hiyo nimeibatiza salio_la_ghala). Kwamba idadi ni ya marobota, robota moja kilo 250, usiyageuze tani kama hujaulizwa. Kwamba muda ni wa hapa Tanzania kwa mtindo wa masaa 24, mtu akisema saa mbili asubuhi weka 08:00, akisema saa mbili peke yake muulize kwanza. UTC nikaihamishia ndani ya programu huko, ejenti haimhusu.

Jana nikarudi kwa babu, safari hii nikakaa. Nikamsomea mstari kwa mstari kama namsomea barua. Akanisimamisha, "Na mtu akisema usiku wa Ijumaa?" Nikasema ni Ijumaa usiku, babu. Alicheka mpaka akakohoa. "Hata wewe, mtoto wa Tanga! Alhamisi jua likizama, ndo usiku wa Ijumaa huo." Yani hilo nimekuzwa nalo, bibi alikuwa anatuamsha na visomo vyake, na nilipokaa mbele ya kompyuta likapotea lote. Tukaliandika. Halafu akasema, "Na lisiseme hakuna. Liseme sijaona, kuanzia saa fulani mpaka saa fulani. Hakuna ni neno zito." Nikaliandika hivyo hivyo alivyosema, na maneno yake ndo yamekaa pale mwisho wa maelezo, na nimefurahi kwa namna ambayo hata aibu imenitoka.

Dereva nimemuomba radhi, kanambia nimnunulie soda.

Ila baiskeli yangu iko kwa fundi wa barabara ya nane tangu Jumatatu, simu hapokei, na leo jioni nimeona kijana anakatiza Uhuru Park na kikapu cha mbele kama changu kabisa, mpaka ile kamba ya kijani.