Usinunue pampu ya mafuta kabla hujajua presha inapotelea wapi

Kila fundi niliyemwambia gari yangu inasumbua kuwaka ikiwa ya moto alinijibu vilevile: badilisha pampu. Hakuna aliyeuliza ikishawaka inakwendaje. Ilikwenda vizuri, inapanda mlima bila kukohoa, na hiyo si kawaida ya pampu iliyochoka.

Anza na jaribio la bure. Washa switchi bila kupiga stata, subiri sekunde 2 au 3 pampu ijaze laini, zima, rudia mara tatu, kisha piga stata. Ikidaka papo hapo, presha inakimbia gari ikiwa imezimwa. Yangu ilipata nafuu kidogo tu, ila nikikanyaga pedeli ya mafuta mpaka chini iliwaka na kutoa moshi mweusi. Nikaanza kuishuku nozo, kile kinachonyunyizia injini petroli: huenda petroli inadondokea kwenye silinda.

Geji ya kupima presha ni pesa ndogo ukilinganisha na pampu. Ukiifunga kwenye reli, bomba linalogawia nozo petroli, funika kiungio kwa kitambaa, petroli huruka. Ilisoma karibu baa 3, sawasawa. Baada ya kuzima, kushuka kidogo ni kawaida, kisha mshale unatakiwa utulie. Wangu ulifika sifuri kabla ya dakika tano.

Utamu uko kwenye kubana mipira ya kupitishia mafuta. (Mpira tu, paipu ya plastiki itapasuka.) Nilijaza presha upya, nikazima, nikabana wa kupeleka mafuta. Mshale ungetulia hapo, tatizo lingekuwa tankini: vali ya pampu inayozuia mafuta kurudi, au kipande cha mpira kilichopasuka humo ndani, ambacho hubadilishwa pampu ikabaki ileile. Haukutulia. Nikabana na wa kurudishia mafuta tankini; mshale ungetulia hapo, mbovu ingekuwa regyuleta, yaani kidhibiti cha presha. Bado unashuka! Nikachomoa mpira mwembamba wa hewa wa regyuleta, nikaunusa: mkavu, hauna petroli, basi daiframu, utando ulio ndani yake, ni nzima. Zikabaki nozo.

Injini ikiwa imepoa, nilichomoa soketi za nozo, nikainua reli na nozo zake, nikazifunga kwa waya zisirushwe na presha, nikatandika kadibodi chini, nikawasha switchi. Tatu zilikaa kavu. Ya pili kutoka mbele ilivimbisha tone kwenye ncha, likaanguka, likafuata jingine. Plagi ya silinda hiyo ilikuwa nyeusi na imelowa.

Nilibadilisha nozo hiyo moja, ila oringi zote (pete za mpira za kuziba) ziwe mpya, zipakwe oili safi ya injini zisikatike zikiingia; gundi ya gasketi hapo ni uchafuzi tu. Halafu vuta kijiti cha oili ukinuse. Kikinuka petroli, mwaga oili yote uweke mpya, kwa sababu petroli iliyopenya huifanya nyepesi na bearingi ndizo zinazoumia.