Chupa ya babu

Leo nimekaa stoo karibu saa nzima sijafanya kitu cha maana, nilienda kuhesabu magunia tu, nikakuta ile chupa ya babu imechomekwa juu pembeni pale pale alipokuwa anaiweka, mdomo umefungwa na kamba ya mpira na chumvi ndani imekuwa jiwe. Msibani sikulia, watu wakasema nimejikaza, ila leo chupa tu hiyo imenimaliza jamani.

Kwa wasioijua hiyo chupa, ni hivi. Unachukua chupa ya kioo kavu kabisa, unatia chumvi kavu kidogo, unatia punje za mahindi mpaka kama robo hivi, unafunga unatikisa weee halafu unaiacha itulie. Ukiona chumvi imeng'ang'ania kwenye kioo ujue mahindi bado yana maji, unyevu umezidi asilimia 15, yarudi juani. Chumvi ikishuka chini yote, sawa, ingawa kama unataka yakae miezi mingi inabidi yashuke mpaka 13 hivi. Babu hizo asilimia hakuwa nazo habari, yeye alikuwa na chupa yake na meno yake, anauma punje moja, ikilia ka! anaitikia mwenyewe "mm". Neno sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, sidhani kama aliwahi kulisikia lakini hindi likiwa na ukungu hata kuku hakuwapa, na sisi tulikuwa tunamwona mchoyo wa ajabu, kumbe ile sumu hata uchemshe vipi haitoki.

Alikuwa haongei sana. Ukimuuliza kitu anakuonesha. Nikiwa na miaka kama 7 alinipa mbegu nipande mstari wangu mwenyewe, tatu tatu kila shimo, kamba yake yenye mafundo ishavutwa tayari, kazi yangu ni kufuata mafundo tu. Nikachoka. Mbegu zote zilizobaki nikazimwaga kwenye shimo moja la mwisho nikafukia nikaenda kucheza, nikamwambia babu nimemaliza, akasema haya ahsante. Wiki ikapita na siku kadhaa, akanishika mkono mpaka mwisho wa ule mstari, pale pametoka kitu kama ufagio, vimea vimebanana vinanyanyuana. Akasimama tu anaangalia, mimi naangalia chini. Hakunigombeza na hakuung'oa ule ufagio, aliuacha pale msimu mzima kila nikipita nauona!

Na yale maharage. Aling'oa shina moja taratibu akakung'uta udongo, akanionesha vinundu vidogo kwenye mizizi, akapasua kimoja kwa ukucha, ndani chekundu. "Unaiona damu? Hili liko kazini." Akang'oa jingine, kinundu chake ndani kijivu. "Hili limelala." Ndiyo maana alikuwa anachanganya maharage na mahindi na baada ya kuvuna maharage mizizi anaiacha humo humo ardhini. Miaka ikapita, siku moja darasani mwalimu anafundisha bakteria wa kwenye mizizi ya mikunde, kwamba wanachukua nitrojeni ya hewani wanaigeuza mmea uweze kuitumia, na ule wekundu ni protini ambayo ni ndugu kabisa na himoglobini ya kwenye damu zetu. Nilicheka kwa sauti peke yangu. Nikatolewa nje, na sikuweza kumweleza mwalimu nacheka nini.

Ila nisije nikamfanya malaika kwa sababu amekufa. Shamba lilikuwa mbele ya watu, na kwenye watu nipo na mimi. Siku ya mahafali yangu hakuja. Usiku wake mvua ya kwanza ilikuwa imepiga vizuri, asubuhi akasema mbegu inaingia leo, basi, huwezi kumtoa hapo, kwake siku moja ya kuchelewa kupanda ni deni utakalolilipa wakati wa kuvuna. Na kwa kilimo alikuwa sahihi, hilo silipingi. Lakini nilikuwa nageuka geuka naangalia mlangoni mpaka jina langu likaitwa, na nikamnunia karibu mwaka mzima, nakuja nyumbani namsalimia shikamoo babu, marahaba, napitiliza. Hakuwahi kuniomba msamaha. Bibi ndiye aliyeniambia baadaye sana kwamba siku ile babu alimuuliza saa ngapi mara nne, mtu ambaye maisha yake yote alikuwa anaangalia jua tu, na ile mara ya nne alipojibiwa akasimamisha jembe akakaa kidogo kwenye tuta, halafu akaendelea kupanda.

Sijui kama hiyo inatosha. Mimi naona haitoshi, ila nikiikumbuka hasira inanipotea, sijui inaenda wapi.

Huu ndio msimu wa kwanza tumevuna bila yeye. Wajomba wameshasema mahindi yamekauka, yaingie kwenye magunia kesho, na kwa macho kweli yamekauka, yanang'aa. Mimi nimelivunja lile jiwe la chumvi kwa msumari nikalitoa lote, nikaosha chupa nikaianika mpaka ikakauka, nikatia chumvi mpya na punje nikatikisa mpaka mkono ukaniuma. Nikaiweka chini nikangoja.

Imeganda kwenye kioo, mpaka shingoni huko.

Basi nimeburuta turubai nje nimeyamwaga yote upya, mjomba ananiangalia tu kama nimechanganyikiwa. Jua bado lipo lipo.