Siku "I Like Mangoes" Ilipoitwa Tashbiha

Lilikuwa jaribio langu la Kiingereza la dakika 40, lenye sehemu mbili. Februari 2018, Kidato cha Tatu, shule ya kutwa pembezoni mwa mji wa Dodoma, wanafunzi 47 darasani. Sehemu ya kwanza iliwataka waeleze kwa Kiingereza maana ya istilahi tano za fasihi. Sehemu ya pili ilikuwa sentensi kumi ubaoni: taja tamathali ya semi iliyomo, au andika "none" pasipo na kitu.

Sehemu ya kwanza wengi waliifanya vizuri mno. Maana ya "simile", yaani tashbiha, waliiandika neno kwa neno kama nilivyokuwa nimewasomea: mlinganisho wa vitu viwili kwa kutumia "like" au "as". Nikaanza kujipongeza kimoyomoyo. Kisha nikafungua sehemu ya pili. Sentensi ya kwanza ilikuwa "I like mangoes", ambayo niliiweka ili kuchangamsha darasa tu. Wanafunzi 39 waliandika "simile".

"She works as a nurse in Mpwapwa." Simile. "As the bus stopped, the conductor jumped out." Simile. Na "My uncle is a lion", sitiari ya wazi kabisa, wengi wakaiandikia "none" kwa kuwa haina "like" wala "as". Ukiwatazama vizuri, watoto hawa hawakuwa wazembe. Walitii ufafanuzi barabara. Ufafanuzi wenyewe ndio uliowatuma kusaka neno badala ya kusaka mlinganisho.

Karatasi za wachache waliokosa sehemu ya kwanza zilionyesha na jingine. Istilahi nyingi za fasihi ya Kiingereza zina pacha mtaani, na pacha huyo ndiye mtoto anayemjua. Chukua "plot". Dodoma ya mwaka ule ilikuwa haizungumzi kingine. CDA, mamlaka iliyokuwapo tangu 1973 kusimamia ujenzi wa makao makuu, ilikuwa imevunjwa mwaka uliotangulia, wizara zinahama kutoka Dar es Salaam, na kila nyumba jioni ni habari za ploti: nani kapata, nani kadhulumiwa, ipi imepimwa na ipi bado. Basi swali la "plot" ya hadithi, yaani msuko wa matukio, lilijibiwa na mmoja kwamba ni kubwa na ina uzio. "Setting", yaani mandhari ya hadithi, ilikuwa ile ya kwenye simu. "Irony", yaani kejeli, kwao ilitokana na "iron", kwa hiyo ni kitu kigumu kama chuma. Ukiuliza "name two characters" unaletewa mchoyo na mwongo, na hapo huwezi kumlaumu mtoto, maana Kiingereza chenyewe kimempa mhusika na tabia yake neno moja.

Halafu matamshi. Watano waliandika "smile" badala ya "simile". Unaweza kudhani ni haraka ya mtihani, kumbe asili ya kosa ni mdomoni: wanalitamka "simaili", silabi ya katikati inamezwa, na mkono unaandika kilichosikika. Neno lina silabi tatu, si-mi-li. Vivyo hivyo "hyperbole" ina nne, hai-pa-bo-li, na "e" ya mwisho inasomwa, tofauti na maneno mengi ya Kiingereza yenye umbo hilo. Istilahi isipotamkwa kwa sauti na darasa zima kabla ya kuandikwa, tahajia yake itasumbua hadi Kidato cha Nne.

Mwalimu wa Kiswahili, mama mtu mzima aliyekaribia kustaafu, alinikuta nimeinamia karatasi hizo chumba cha walimu. Akachukua moja, akaisoma, akacheka.

"Mwanangu, hawa si ndio haohao walionipatia tashbiha wiki iliyopita?"

"Shikamoo mama. Kumbe?"

"Marahaba. Tena bila kukosea. Waulize kwa 'kama', uone."

Shule ilikuwa na kanuni kwamba Kiswahili ni marufuku nje ya kipindi chake, na anayekamatwa anavaa kibao shingoni. Sikuwahi kuipenda kanuni ile. Mtoto aliyesoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili anaingia sekondari akiwa tayari na tashbiha, sitiari, tashihisi na kejeli kichwani, halafu tunamwambia aviache vyote getini, aanze upya kama mtu asiyejua kitu.

Kesho yake niliandika ubaoni sentensi nne. "Kama mvua ikinyesha hatwendi shamba." "Walifika watu kama ishirini." "Sijui kama ameondoka." "Anakimbia kama swala." Nikauliza tashbiha ni ipi. Walicheka, wakidhani nawatania. Hakuna hata mmoja aliyenaswa na "kama". Wanajua kwamba ya kwanza ni sharti, ya pili ni makadirio, ya tatu ni swali lililofichwa, na ya nne tu ndiyo inayofananisha. Hawakufundishwa kuitafuta "kama", wanausikia mlinganisho.

Hapo ndipo tulipoigeukia "like". Kazi zake kubwa mbili: kupenda, na kufananisha. "As" ina zaidi: wakati, sababu, cheo au kazi ya mtu, na kufananisha. Tukazigawa safu ubaoni, wakatunga sentensi zao kwa kila safu. Nilifikiri nimemaliza. Msichana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono.

"Samahani mwalimu. 'She works as a nurse.' Si ni 'anafanya kazi kama nesi'? 'Kama' ipo."

Ipo kweli, maana siku hizi tunasema hivyo, ingawa "anafanya kazi ya unesi" ni safi zaidi. Kipimo cha kutafsiri kwa "kama" kilikuwa kimevuja mbele ya darasa zima. Ikabidi kiongezewe swali la pili: je, ni kweli hivyohivyo? Huyu mama ni nesi? Ni nesi, mshahara wake ni wa nesi. Basi hakuna tamathali. Anayekimbia kama swala, ana kwato? Hana. Mjomba ni simba? Si simba, kwa hiyo kuna ufananisho hata kama "like" haimo. Upepo umetuzaba kofi, una mkono? Yeyote aliyewahi kutembea Dodoma mwezi wa Agosti anajua kofi hilo na vumbi lake, lakini mkono hakuna, kwa hiyo ni tashihisi, kisicho mtu kimepewa matendo ya mtu. Swali hilo moja la "ni kweli hivyohivyo?" liliwanasua katika sentensi saba kati ya zile kumi, kwa sababu linagusa mzizi ambao tamathali nyingi zinachangia: kusema kisichokuwa kweli kwa maana ya juu ili maana ya chini ionekane.

Mifano ikaanza kuja yenyewe. Mmoja akaleta "kuzunguka mbuyu". Kwetu mibuyu iko kila mahali, mtu anaizunguka kweli akienda kuchota maji, na anaizunguka kwa maana ile nyingine ya kupenyeza rushwa. Akaandika "He went round the baobab". Darasa likaangua kicheko. Lakini mpe sentensi hiyo Mwingereza, ataona mtu na mti tu. Ilinipa nafasi ya kueleza kwamba istilahi inasafiri, nahau haisafiri: "idiom" kwa Kiingereza na nahau kwa Kiswahili ni chombo kilekile, ila kilichomo ndani kila lugha imejaza chake. Kosa la kutafsiri nahau neno kwa neno ni katika makosa yanayoharibu insha za watoto wetu kuliko hata sarufi.

Kilichobadilika zaidi kikawa kadi. Kabla ya hapo nilikuwa nawapa orodha ya maneno 20 kwa siku, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia. Ijumaa wanabaki na manne au matano. Orodha ina ubaya wake: mtoto anakumbuka mahali pa neno, si neno, likihama mstari amelipoteza. Karatasi moja ya manila ukiikunja katikati na kuikata mara tano mfululizo unapata vipande 32, vinavyoenea kiganjani. Usijaribu kuikunja yote kabla ya kukata, kwani mkunjo wa nne na wa tano huwa mnene na vipande vinatoka vimepinda. Istilahi zetu zilikuwa 14, kwa hiyo manila moja inatosha wanafunzi wawili na vinabaki vinne vya kurudia kilichoharibika. Manila 24 kwa darasa zima. Waandike kwa kalamu ya kawaida ya bei rahisi. Maka peni inapenya upande wa pili na jibu linasomeka.

Mbele ni istilahi peke yake. Nyuma ni vitu vitatu: jina lake la Kiswahili, sentensi ya mtoto mwenyewe kutoka kwao, na sentensi inayojifanya, yaani inayofanana na tamathali hiyo lakini siyo. Hii ya tatu ndiyo niliyokuwa nimeikosa miaka yote. Kwenye kadi ya "simile" sentensi inayojifanya ni "I like mangoes". Kwenye "hyperbole" ni "I ate three plates of ugali", kwani mvulana anayetoka kulima anaweza kumaliza sahani tatu, na mubalagha lazima ipite uwezekano. Kwenye "personification" mmoja aliandika "The dog was angry", akabishana nami robo saa nzima. Mbwa hukasirika kweli, kwa hiyo inajifanya, alikuwa sahihi. Ufafanuzi wa kukariri hatukuuandika kabisa kwenye kadi.

Kadi zinakaa kwenye bahasha tatu, kwa utaratibu uliotokana na Mjerumani Sebastian Leitner, aliyeuandika miaka ya 1970. Bahasha ya kwanza hufunguliwa kila siku, ya pili mara mbili kwa wiki, ya tatu mara moja. Ukipatia, kadi inasogea mbele bahasha moja. Ukikosea, inarudi ya kwanza hata kama ilikuwa ya tatu. Wanachukia sheria hiyo ya kurudi mwanzo, na wengi wataiba ukiwaacha peke yao, kwa hiyo kadi hushikwa na mwenzako. Na zichanganywe kila siku, la sivyo wanakariri mpangilio na umerudi kwenye orodha ileile.

Maneno ya kawaida tuliyapunguza hadi sita kwa siku. Si machache, maana maneno ya lazima yenyewe si mengi mno. Mwaka 1953 Michael West alichapisha orodha ya maneno yapatayo 2,000 yanayotumika zaidi katika Kiingereza, na mwaka 2000 Averil Coxhead akaongeza orodha ya familia 570 za maneno ya kitaaluma. Familia ni neno moja pamoja na yale linayoyazaa, na hapo mzungumzaji wa Kiswahili ana mtaji mkubwa asioujua. Anayejua kwamba lima huzaa mkulima, kilimo na kulimika hashangai kwamba "farm" huzaa "farmer" na "farming". Tahadhari ni moja: "-er" si "m-" ya kila mahali. "Cook" ndiye mpishi, na "cooker" ni jiko. Walimchemsha mpishi mara nyingi kabla hawajazoea.

Maneno ya maswali ya mtihani nayo yaliingia kwenye kadi, "outline", "distinguish", "account for". Hili la mwisho wengi waliliunganisha na akaunti ya benki. Maana yake ni kutoa sababu, basi.

Baada ya wiki tatu nilirudia sehemu ya pili ya jaribio, sentensi kumi mpya na zile za zamani mbili tatu zikiwa zimechanganywa humo. "I like mangoes" iliwanasa wawili tu. Nesi wa Mpwapwa alimnasa mmoja. Ila nilikuwa nimeongeza "She looks like her mother", na wanafunzi 21 wakaiita "simile". Kipimo cha "ni kweli hivyohivyo?" nilikuwa nimewapa, lakini hawakukitumia, kwa sababu safari hii "like" inafananisha kweli. Mtoto na mama yake ni watu wote wawili. "Dodoma is as dry as Singida" nayo ni hivyohivyo, mkoa kwa mkoa. Tashbiha inataka vitu vya jamii mbili tofauti, na hilo nilikuwa nimelitaja mara moja tu, haraka, kengele ikilia.

Jumatatu iliyofuata nikawaambia watoe kadi ya "simile", wageuze nyuma, na chini ya maembe waongeze sentensi ya pili inayojifanya.